Usimwalike Bosi Wangu

Mama mpendwa,

Natumai mko wazima hapo nyumbani na goti lako limepoa, maana mlima huo hauna huruma. Mimi huku Ruiru ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imechafuka, na ujumbe wako wa juzi umeichafua zaidi.

Unataka nimlete bosi aimbe siku ya kulijengea kaburi la Baba. Unasema kijiji kizima kinamjua, yule mwimbaji wa suti nyeusi asiyecheka, anayewaliza watu kwenye televisheni. Mama, huyo mtu wenu mimi simjui. Ninayemwendesha na kumbebea gita ni mwingine kabisa. Mlango wa gari ukishafungwa anavua tai na kuanza ujinga. Anatia chumvi kwenye soda ya mpiga ngoma. Anaiga watu: mchungaji, mama muuza nguo wa Githurai, hata mjane aliyetoka kumlilia begani sasa hivi. Wenzangu wanashika mbavu.

Wiki jana tulipiga kwenye kumbukumbu ya mzee mmoja hapo Thika. Bosi akaimba na uso wake mkavu, watu wakalia. Baadaye tukaenda kula kwenye hoteli ya zamani karibu na maporomoko ya Chania. Unakumbuka Baba alivyokuwa akinipigia simu nikiwa kwenye usukani, nami naiweka kwa spika? Bosi alikuwa kando yangu siku zote hizo, na sikio lake halisahau sauti. Nimeinamia sahani yangu, nikasikia sauti ya Baba nyuma yangu:

"Mwadime wee. Umekula?"

Na kile kikohozi chake kidogo katikati, Mama. Unajua Baba alivyotulea, akikuita huitiki ukiwa umekaa. Nikasimama na mfupa mkononi, nikasema, "Naam, Baba."

Meza yote ikaangua kicheko. Bosi ndiye aliyecheka kuwashinda, akipiga meza kwa kiganja. Nilimwambia hana utu. Akafuta macho.

"Wacha kununa, bana," akasema. "Wiki nzima nimezika watu na hii sauti. Nisicheze hata kidogo?"

Kisha akaniwekea nyama nyingine kwenye sahani, kana kwamba ni njaa ninayolalamikia. Nikaiacha hapo nikaenda kukaa kwenye gari.

Kwa hivyo usimwalike. Atasimama kaburini na ule uso, mtamshukuru na kumchinjia kuku, halafu akiingia kwenye gari atamwiga Baba na watu watacheka. Bora kwaya ya kanisa iimbe, hata ikikosea.

Nisalimie Dada, umwambie mwanawe avue hiyo fulana yenye picha ya bosi. Msalimie pia Baba Mdogo anayetulishia mbuzi, na jirani yetu mkunga.

Kuna jambo sikutaka kulitaja. Jana tukienda Murera tulikwama barabarani, mimi na yeye peke yetu. Nilizima redio, nikamwomba aniite tena kwa sauti ya Baba. Hakucheka. Aliniita, nami nikaitika, na tangu hapo namchukia kuliko nilivyomchukia kule hotelini.

Mwanao akupendaye,
Mwadime