Onja, Mama

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Naanza na salamu, maana shule yangu iliishia kwenye kuandika barua. Mume wangu Mahmoud, hujambo na presha yako. Fauzia mwanangu wa Midrand, hujambo na baridi hii. Kaka yake Suhaib uliyebaki Tanga, hujambo na wanao. Jirani wa chini Victorine, Mkongo mwenye cherehani isiyolala, hujambo. Mimi mzima. Moyo tu ndio una vishindo.

Fauzia kapita leo mbio mbio, gari kaliacha linanguruma. Kiwandani kwao wanatengeneza harufu za kila kitu — sabuni, biskuti, soda. Kaniachia kichupa kisicho na maandishi. Kasema hii ni Vietnam, kaichanganya yeye na bosi wake Madam Thuy, Jumatatu wanaipeleka Sandton kwa mteja. Onja, Mama, uniambie kweli. Busu, sharp Mama — kwaheri ya vijana wa huku — huyoo!

Nimefungua. Eeh! Mchaichai. Mdalasini. Halafu mvuke wa wali, kama unapofunua sufuria. Mwisho udi. Arki ya kutilia chakula, ina udi? Labda ndivyo wanavyopenda huko.

Ijumaa, 15 Agosti

Namfikiria Madam Thuy. Fauzia aliwahi kunieleza — bibi yake alikuwa akichemsha supu ya mifupa mpaka kunakucha, na mwaka mpya wanafukiza udi kuwakumbuka wazee wao. Mbali huko! Na mchaichai wao ni huu huu wangu wa chai. Sijui naye alikuja na nini begini. Mimi nilibeba mbuzi ya kukunia nazi, uwanja wa ndege wakanicheka.

Jumapili, 17 Agosti

Leo nimepika tambi za sukari, tui zito, nikatia kile kichupa. Si tone — nusu yake! Arki ya dukani ukiibania haisikiki. Kuonja, ulimi ukafa ganzi. Nikaongeza sukari. Victorine kala kijiko kimoja, akauliza, Mama Suhaib, hii ni chakula ao ni sabuni? Mahmoud akamcheka, nyie Wakongo mapishi ya pwani mtayajulia wapi. Akamaliza sahani yake. Na yangu! Ili nisione haya, namjua.

Saa nane simu. Fauzia — Mama, umeonja? Nikasema nimeonja, nzuri, inanukia. Akafurahi mpaka sauti ikamkatika. Akauliza, umejipaka wapi, mkononi au shingoni?

Kujipaka!

Kumbe mtoto alitaka kusema nusa. Tangu mdogo kwake kuonja ni kwa ulimi na kwa pua. Nami nacheka tu, kwa raha ya kumsikia akisema Kiswahili, wenzake wote Kizulu na Kiingereza. Nikajibu, shingoni. Akasema anaitwa, akakata.

Mahmoud yuko kwenye kochi. Jasho, na baridi hii! Nimemwambia twende kliniki. Hataki. Ati, nikamwambie nesi nimekula marashi? Anacheka, halafu anashika tumbo. Pumzi zake zinanukia vizuri mno. Hilo ndilo linalonitisha.

Victorine katoka kutafuta gari. Nampigia Fauzia, hapokei. Nimeandika ujumbe, nikafuta, nimeandika tena — Fauzia, sikujipaka. Nilipikia tambi. Baba yako kala sahani mbili. Mle ndani mna nini? Muulize Madam Thuy, hata akikasirika. Jibu upesi mwanangu, upesi