Maganda ya Machungwa Horini

Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, Kilifi. Mwaka wa sitini tangu nitoke kisiwani.

Asubuhi kulikuwa na mawingu mepesi, upepo haba, na mimi na swali moja kichwani. Matumbo ya samaki huenda wapi?

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, nieleze. Ninaangalia nyumba ndogo ya kupangisha ya binti yangu Zuhura, ukingoni mwa hori, mkono huu wa bahari unaoingia bara. Wageni hukodi mashua, huvua, hurudi na changu na kolekole, na samaki wanataka kuparuliwa na kutumbuliwa. Kwa kazi hiyo nilijenga kwa mikono yangu meza ya saruji karibu na maji, yenye mfereji wa kumwaga damu, magamba na matumbo moja kwa moja baharini.

Meza kama hiyo ilikuwapo kwetu kisiwani, huko kaskazini, mahali akina mama waliposhukia majini. Nilipoiona mara ya mwisho nilikuwa na miaka minane, na ilinifika kidevuni. Nilipojenga hii nilitumia kimo hichohicho. Wageni wafupi hulalamika.

Kwetu hakuna aliyetumbua samaki maji yakijaa. Ulingoja bahari ianze kutoka, ndipo ukafanya kazi yako, na mkondo ukachukua kila kitu. Hapa nimefanya vivyo hivyo. Nina jedwali la maji kupwa na kujaa, nalisoma kila siku, na hakuna mgeni anayegusa kisu kabla sijamruhusu.

Hata hivyo, matumbo yamekuwa yakionekana kwa jirani.

Jirani ni Mama Sidi. Njia ya kufika kwetu inapita ndani ya shamba lake, kwa ihsani yake tu. Mara ya kwanza alitania: "Shikamoo mzee. Matumbo yako yamekuja kunisalimu." Mara ya pili alisema labda yanatafuta posa. Jumapili hakutania. Wajukuu wake waliingia majini kuoga wakatoka na magamba nyweleni. Akasema yakija tena ataziba njia kwa miiba, na wageni wangu waje kwa kuogelea.

Nilimpigia Zuhura, yuko Mombasa. Akaamua papo hapo: Ijumaa atakuja fundi kuvunja meza, na wageni watanunua samaki aliyekwisha kusafishwa sokoni. Sikubishana. Nyumba ni yake.

Lakini sikuamini kwamba matumbo yale ni yetu. Nilishuku wavuvi wa juu huko, wasiojali saa za maji.

Basi leo, bahari ilipoanza kutoka, nilishuka na machungwa. Ganda la chungwa huelea na huonekana mbali. Niliyamenya mezani, nikayatupa penye mdomo wa mfereji, nikaanza kuyafuata kwa miguu.

Sijui ni lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo. Maganda yalishika mkondo kama yaliyotumwa. Yakapita mikoko, yakapita mashua zilizofungwa, yakielekea bahari kuu. Nikajiona nimeshinda kesi. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia Zuhura.

Halafu, penye jabali linalochomoza, yakapunguza mwendo.

Nilisimama nikayatazama. Nyuma ya jabali maji hayatoki pamoja na mengine. Yanajikunja, yanageuka, yanarudi polepole yakiambaa na ukingo, kinyume kabisa na hori nzima. Nimeishi hapa miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu macho yangu hutazama katikati, kwenye maji makubwa. Maganda yalirudi nayo. Nikayasindikiza kwa aibu mpaka penye kijighuba kidogo ambapo Mama Sidi alikuwa ameinama anasugua sufuria.

Akaokota ganda moja, akalinusa.

"Leo umeniletea machungwa, mzee," akasema. "Tunda lenyewe umekula peke yako?"

Nilimweleza nilichokuwa nikifanya. Nilidhani atanicheka, lakini alifuta mikono akataka tujaribu tena. Tukarudi mezani pamoja, tukatupa maganda yaliyobaki, yeye akaongeza vipande vya makumbi ya nazi ili tuone kama kitu kikubwa zaidi hufuata njia nyingine. Ni ileile. Tulisimama penye jabali, watu wazima wawili, tukishangilia kimoyomoyo taka zinazoelea.

Nilimuuliza nyumbani kwao utumbo wa samaki hufanywaje. Alikuja huku kuolewa, kwao ni Ganze, bara kukavu. Akasema kwao samaki mbichi ni nadra, ila taka yoyote hufukiwa, na hakuna ambaye angeota kuitupa majini. "Maji tunayafuata mbali na ndoo kichwani. Tuyatupie uchafu?"

Nimekuwa nikiwaza maneno hayo siku nzima. Nikawaza pia la kwetu. Tulitupa, bahari ikachukua, na hakuna niliyemsikia akiuliza inapeleka wapi. Labda nyuma ya ncha ya kisiwa kulikuwa na mama mwingine, na sufuria zake, akitulaani kila maji yakitoka. Ningependa sana kujua.

Mchana nilichimba shimo.

Si jambo dogo kwangu. Tulipokimbia mashifta, majambazi wenye bunduki waliotuvamia, tukafika Malindi, tulipanga chumba mtaa wa Muyeye, na uani palikuwa na nafasi nzuri. Marehemu baba hakukubali tuchimbe hata shimo la mpapai. Alisema mapapai tutakula kisiwani. Alisema hivyo mpaka tukamzika palepale Malindi. Nami nimeendelea kusema maneno yake, kwa kuyazoea. Binamu yangu aliyerejea kisiwani amenitengea kiwanja, na mimi kila mwaka humwambia Zuhura kwamba baada ya Ramadhani nitakwenda kujenga.

Udongo wa hapa ni mchanga juu, chini ni jiwe bovu la matumbawe. Nilipumzika mara nyingi. Niliteremka hadi mapajani, maana Mama Sidi alionya kwamba shimo fupi hufukuliwa na paka, na likiwa fupi zaidi huja kenge. Nikamwaga ndoo ya utumbo waliyoiacha wageni waliovua jana, maana tangu Jumapili nimezuia kumwaga majini, nikaweka majivu, majani makavu, udongo, na juu jiwe zito. Nikanusa. Hakuna harufu ila ya majivu. Kisha nikachanganya saruji kidogo nikaziba mdomo wa mfereji, ili kuanzia sasa kila kinachotoka mezani kiingie kwenye ndoo.

Alasiri nilimpigia Zuhura, nikamsimulia yote, maganda, jabali, shimo, na kwamba Mama Sidi ameridhia njia ibaki wazi ikiwa hakuna kitakachomfikia tena. Nikamwomba amzuie fundi wa Ijumaa.

Akasema kwa upole, kama anavyosema na wateja wake:

"Baba, shimo moja litajaa wiki hii. Litafuata jingine, na jingine. Mgeni hachimbi. Wewe kila mwaka unaniambia unaondoka. Nikiiacha meza, halafu ukaenda zako kisiwani, nani atachimba?"

Nilikuwa nimekaa juu ya meza, saruji ya mfereji bado mbichi, miguu ikining'inia. Upande wa pili wa shimo nimebakisha nafasi ya mche. Mama Sidi amesema utumbo uliooza ni chakula kizuri cha mpapai na kwamba kesho ataniletea mmoja.

Nilimwambia mimi ndiye nitakayechimba. Akauliza mpaka lini. Nikamjibu.

Fundi haji. Kiwanja cha kisiwani nitamwandikia binamu ampe mwanawe.

Sirudi.