Wembe wa Mzee, Mkono Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nimekuta damu kwenye sinki. Si nyingi — michirizi mitatu juu ya povu — lakini damu ni damu. Mzee amekaa kwenye kigoda cha bafuni, taulo shingoni, wembe wake wa kukunja mkononi. Mkono unatetemeka kama wenyewe tu ndio unaosikia baridi. Shavu la kulia tayari. La kushoto bado jeupe kwa povu. Chini ya sikio amejikata.

Nimenyoosha mkono. Kanitazama kitambo, halafu kaukunja wembe na kunipa. Miaka ishirini na saba naishi na mtu huyu, leo ndiyo mara ya kwanza naushika wembe wake.

Hakusema kitu. Nami sikusema. Ndivyo tulivyo tangu mama afariki, mwaka wa pili sasa: wanaume wawili ghorofa ya tatu, tunagawana chai, gazeti na kimya. Daftari hili ni jipya, halijui, basi nalieleza: yeye si baba yangu. Alimwoa mama nikiwa na miaka kumi na miwili. Namwita Mzee tangu siku ile ya kwanza, wakati huo hata mvi moja hana. Yeye ananiita Fundi, kwa sababu wiki hiyohiyo niliifungua saa yake ya mezani nikashindwa kuifunga.

Daktari alishasema: kutetemeka huku kutapungua kwa dawa, hakutakwisha. Habari ya ndevu hakuigusia.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbili Mzee anajificha nyuma ya gazeti. Upande mmoja wa uso umelimwa, wa pili umeota majani. Jirani wa chini kagonga kuomba nyundo — Mzee kaingia chumbani, kafunga mlango. Mtu aliyekata suti za watu maisha yake yote! Mtu ambaye hata shati la kushindia ndani hulipiga pasi kwanza.

Nikasema ninunue mashine ya umeme. Akasema aliwahi kuijaribu, shingo ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nikasema nimwite kinyozi. Akasema kinyozi gani siku hizi anashika wembe, wote wanashika mashine huku na simu kule.

Nikaanza kuosha vikombe. Nilipokuwa nimempa mgongo ndipo nikaweza:

"Basi nifundishe mimi."

Nikadhani hajasikia.

"Wewe hata ndevu huna," akasema.

Kweli. Miaka thelathini na tisa na kidevu cha mwanafunzi. Nikacheka. Naye pia, nadhani. Gazeti lilitikisika. Ila gazeti lake siku hizi linatikisika tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kwa kinyozi wa kona baada ya kazi. Kumbe alijifunzia kwa wembe huyo bwana, aliuweka kando wateja walipoanza kuuogopa. Nikamweleza. Hakunicheka. Katoa puto kwenye droo, kalipuliza, kalipaka povu, kaniwekea mbele kwenye kiti cha wateja. Nyoa, akasema.

Puto la kwanza lilipasuka kabla sijaanza vizuri. Povu kwenye miwani, povu kwenye kioo chake. "Huyo umemuua," kasema kinyozi, na kupuliza lingine. La pili nalo likaenda. La tatu nilifika nusu.

Aliyonieleza nayaandika nisisahau. Wembe ulale, usisimame. Mkono wa kushoto ndio wenye kazi, uvute ngozi ikaze. Usibonyeze, uzito wa wembe unatosha. Fuata ndevu zinavyolala. Ukitaka kupiga chafya, rudi nyuma hatua mbili.

Kaniuliza uso ni wa nani. Nikasema wa baba — nikakwama — wa baba wa kambo.

"Ngozi haina kambo," akasema. "Vuta taratibu."

Kanipa maputo kumi na jiwe la shabu la kuzuia damu. Shabu utaihitaji, kasema, nimekuangalia.

Jumamosi, 8 Machi

Puto la saba limepona. Nilinyoa saa ya chakula, kwenye meza yangu kazini. Kila siku nafunga skrubu za saa ndogo kuliko punje ya ufuta na mkono hautikisiki, lakini puto linanitoa jasho. Mwenye duka kapita, kaona puto lenye povu katikati ya saa za watu. Kasimama. Kaendelea na safari yake. Afadhali.

Jumapili, 9 Machi

Leo uso wenyewe.

Tumekaa jikoni karibu na dirisha, kwenye mwanga. Nimemwekea taulo la moto, kama nilivyoambiwa, mpaka akalalamika kuwa anapikwa. Halafu brashi na sabuni. Kabla sijashika wembe akanieleza mipaka. Masharubu yasiguswe. Mzuzu wa kidevuni usiguswe. Mashavu, shingo na pale katikati pawe safi, na hao wawili wasifikiane kabisa. Nikamuuliza nitajuaje mstari uko wapi.

"Ukikata kitambaa, mkasi haukanyagi chaki," akasema. "Unapita pembeni yake, chaki inabaki. Mwanzo wacha nafasi. Kuongeza kukata kupo. Kurudisha hakuna."

Akafumba macho, akainua kidevu.

Sijawahi kumgusa uso. Nimewaza hilo wembe ukiwa tayari hewani. Mkono tumepeana, begani kanipiga siku nilipopata kazi, msibani alinishika kiwiko kutwa nzima. Uso, kamwe. Ngozi ya shavu ni laini kuliko nilivyodhani, na ina joto. Ukiivuta inafuata mbali, hairudi haraka.

Mpigo wa kwanza hakuna kilichotokea, niligusa povu tu. Wa pili nikasikia: krr, krr, ndevu zinakubali. Nilisahau kupumua. Yeye ndiye aliyeniambia nipumue.

Katikati ya kazi nikaona taulo mapajani mwake linachezacheza. Nikachungulia. Ameibana mikono yake miwili katikati ya magoti, ameibana hasa, ili isimtikise uso chini ya wembe wangu. Jasho limemtoka kwenye paji. Na mimi nilidhani ninayejitahidi hapa ni mimi peke yangu.

Dakika arobaini, shavu moja na nusu ya shingo. Hakuna damu. Mengine tumeyaachia kesho, wembe umenichosha kuliko kubeba gunia.

Tukiwa katikati ya kunyoa binti yake kapiga simu, kama kila Jumapili. Ni mtoto wa mke wake wa kwanza, kanizidi miaka sita, namwita dada. Anaishi mbali, safari ya nusu siku kwa basi. Nimemsikia Mzee anamwambia hawezi kuongea sana, ananyolewa. Kalisema kama mtu anayepigwa picha.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Nimekata masharubu.

Nilikuwa nashuka karibu na mdomo, upande wa kushoto, nikajiona mtaalamu. Wembe ukapanda kidogo. Kipande cha urefu wa ukucha kikaanguka juu ya taulo, cheupe, kimejikunja. Nikakiangalia. Nikafikiria kukirudisha, Mungu wangu, kwa sekunde moja nilifikiria kweli kukirudisha.

Nikampa kioo. Kajitazama kulia, kajitazama kushoto. Muda mrefu.

"Mama yako angeanguka kwa kicheko," akasema.

Tukacheka mpaka nikaweka wembe mezani kwa usalama wa wote. Miezi hatujamtaja mama kwa sauti ndani ya nyumba hii.

Halafu kanihadithia jambo nisilolijua. Siku aliyokuwa anakuja kutambulishwa kwangu, alikuwa amesimama mbele ya kioo tayari kunyoa yote, masharubu na mzuzu, asije akamtisha mtoto. Mama akamzuia. Akamwambia aache, mtoto amzoee alivyo.

Nikamwambia kweli masharubu yalinitisha. Niliona mdomo umefichwa, nikadhani amekasirika. Nilikaa mwaka mzima nikidhani amekasirika.

"Nilikuwa naogopa," akasema Mzee. "Wewe ulikuwa unaniangalia kama saa mbovu."

Nikapunguza na upande wa kulia ili yalingane. Kwa mkasi. Yeye ndiye aliyenielekeza, macho kwenye kioo, "hapo, hapo, usizidishe."

Alhamisi, 13 Machi

Nimechelewa kazini tena. Simu ililia nikiwa shingoni mwake, mikono imejaa povu, nikabonyeza spika kwa kiwiko. Mwenye duka. Kasema hii mara ya tatu wiki hii, wateja wamesimama mlangoni, niamue kama mimi ni fundi saa au kinyozi. Nikasema samahani, nikasema nakuja.

Mzee alisikia kila neno. Asingeweza hata kugeuka, wembe uko kooni.

Nikamaliza harakaharaka. Nikamkwaruza kidogo, shabu ikafanya kazi yake. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Ijumaa, 14 Machi

Dakika ishirini na mbili. Safi, mstari umesimama kama umepigwa rula. Nimemwambia kesho tutaanza mapema zaidi, sitachelewa tena. Kaitikia kwa kichwa. Siku nzima hakusema neno la maana.

Jumamosi, 15 Machi

Dada kapiga simu kwangu, si kwake. Sijazoea. Kasema anafika kesho mchana kumchukua Mzee akaishi kwake, na ananishukuru kwa yote. Nikamuuliza amchukue vipi. Akashangaa. Kumbe Mzee mwenyewe ndiye aliyempigia juzi, akaomba. Alimwambia mimi nina kazi zangu, ananichelewesha.

Nimesimama kwenye korido na simu mkononi sijui dakika ngapi. Kisha nikaingia sebuleni. Mlango wa chumba chake uko wazi, Mzee anakunja mashati yake kitandani. Anakunja kama dukani, mikono kifuani, ukosi juu, ila inabidi kila moja alirudie mara mbili tatu.

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno yamejipanga kabisa. Nikamuuliza kama anataka chai.

Akasema anataka.

Jumapili, 16 Machi

Dada kafika saa sita, na kandambili mpya za Mzee, laini, zisizoteleza. Ni mtu mwema, siwezi kujidanganya. Kanikumbatia. Kwake ni chini, hakuna ngazi. Chumba kiko tayari, watoto wamekua, mumewe hana neno. Kamtazama Mzee usoni, kasema amependeza, lakini huko hakuna mwenye kuweza wembe. Mumewe ana mashine. Watakuwa wanamnyoa yote kila wiki, dakika tano, kwisha.

Nikamtazama Mzee nikijua atakataa. Yeye anamtazama dada, si mimi.

"Ondoa yote, Fundi," akasema. "Leo hii. Nisiende kumpa mtu kazi."

Yote? Nikauliza. Yote, akasema. Masharubu na mzuzu.

Basi nikatandika taulo pale sebuleni ili dada aone. Nikapaka povu uso mzima. Sijawahi kupitisha brashi juu ya masharubu yake. Yalipotea, akabaki mtu nisiyemjua, macho tu. Nikanyoa mashavu. Nikanyoa shingo. Dada anatazama, kashika kikombe bila kunywa. Mzee kafumba macho, mikono kaibana katikati ya magoti kama kawaida.

Nikafika chini ya pua. Wembe ukasimama. Nikasema ngoja nilete taulo lingine.

Taulo lingine liko begani kwangu.

Nipo jikoni. Nimefungua daftari juu ya meza, naandika kwa kalamu ya kuandikia orodha ya sokoni. Mlango haujafungika vizuri, nawasikia. Dada anauliza mbona nakawia, povu litamkaukia. Anauliza kama amalizie yeye.

"Mwache," Mzee anasema. "Akifika hapa huwa anashusha pumzi kwanza. Huwa hapendi kuharakishwa."

Nasikia dada anaweka kikombe mezani. Nimeinua kalamu juu.

Huwa, kasema. Si alikuwa. Huwa, mara mbili, mtu mwenye sanduku lililofungwa mlangoni.

Sasa anakohoa. Ananisubiri. Mkono wangu umetulia, nauona hapa kwenye mwandiko. Naenda kuyasema yale maneno ya jana. Wembe nimeukunja, nimeuweka mfukoni.