Vitone Viwili vya Joëlla

Bonfils ndugu yangu, leo saa nne asubuhi kompyuta ya ofisi yetu ya kutafuta watoto ilijibu: "Hayupo." Nikamwambia Mama Spéciose hivyo hivyo, mbele ya watu: binti yake Joëlla hayupo kati ya watoto waliopatikana. Walipotezana siku risasi zilipolia kule mtaani Kinama.

Hakulia. Alisema, "Asante, mutoto wangu," akatoka.

Hayupo! Nimelitamka mimi mwenyewe.

Trésor, yule Mkongo ninayekaa naye ofisini, akanitania: "Jitafute na we, Gaël, tuone kama uko." Jina langu nililiweka kwenye hifadhidata kwa mkono, kwa majaribio. Nikajitafuta. "Hayupo." Akacheka: "Kumbe natumika kazi na muzimu!"

Sikucheka. Joëlla. Gaël. Ni ile ë!

JavaScript ya ukurasa wa kutafutia inafunga jina na umri kuwa objekti moja, kama kifurushi, inaituma kwa huduma ya Java inayotafuta. Mimi niliandika herufi zake kwa escape, msimbo wa zamani, Java inazisoma kwa UTF-8, msimbo mwingine. Vitone viwili vinafia njiani, jina linafika na alama ya kuuliza. Na majaribio yote ya kutafuta nilifanya kwa majina Murhula na Tresor... hata kwenye Trésor sikuandika é!

Nikabadilisha neno moja tu: badala ya escape nikaweka encodeURIComponent, inayoandika kwa UTF-8. Nikatafuta tena, kompyuta ikajibu: "Joëlla, miaka tisa, kituo cha Gitega."

Nilikimbia, nikamkuta Spéciose anangoja basi.

"Mama, rudi, yuko."

"Apana. Umesema hayuko."

"Mi nilikosea."

Akarudi. Tukapiga simu Gitega. Mtoto akapewa simu, akauliza, "Ni nani?"

Spéciose akataja jina lake mwenyewe, lote.