Nyota Iliyozimika Mara Mbili

Mdogo wangu Kipanga,

Pokea salamu zangu, pamoja na za wifi yako, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha kwamba za kwake sizisahau. Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto hulalamika kila ninapopanda ngazi, nami hulijibu kwamba hata mimi sikuyataka haya, basi tunapanda pamoja. Natumaini nyote huko hamjambo, ukiacha lile jambo ambalo wewe hukuniambia, akaniandikia mwanao.

Mpwa wangu anasema umeahirisha mara ya pili kutolewa mtoto wa jicho, na kwamba daktari ameonya kuwa ukizidi kuchelewa kazi itakuwa ngumu. Alipokubembeleza, anasema, ulimjibu kwamba macho hayo hata yalipokuwa mazima yalikuwa yanaona vitu visivyokuwepo, muulize mjomba wako, sasa ya nini kuwasumbua madaktari. Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa mezani. Nivumilie nikianzia mbali; unajua mwalimu mstaafu hawezi kukuonyesha njia ya sokoni bila kukupa kwanza historia ya soko.

Siku hizi nalikumbuka sana lile paa la nyumba ya baba. Nalikumbuka na matangi yake mawili ya maji, kamba za nguo ambazo lazima tuzifungue kabla ya kusimamisha darubini, na ile harufu ya mafuta ya saa iliyopanda kutoka dukani kwake alikotengeneza saa mpaka ikaingia kwenye shuka zetu. Darubini aliinunua kwa mpima ardhi aliyekuwa anahama, na mama hakumsamehe upesi. Kila tulipopanda aliuliza kutoka chini kama tumekuwa paka, maana binadamu wana vitanda. Baba alimjibu kwamba paka hawapimi muda. Ni yeye aliyekupa jina la Kipanga, siku uliyosoma kutoka mlangoni kwetu maandishi madogo ya kwenye chupa katika duka la dawa la ng'ambo ya barabara, mimi nikiwa bado natafuta chupa yenyewe.

Mwanao hajui tulikuwa tukifanya nini kule juu, kwa hiyo nitaeleza, umsomee. Mwezi ukisafiri angani hupita mbele ya nyota na kuzificha. Kwa kuwa hauna hewa, nyota haififii polepole kama taa inayoishiwa mafuta; hukatika ghafla, kama mtu amezima swichi. Ukijulikana wakati kamili wa kukatika huko, wataalamu wanaweza kusahihisha hesabu za mwendo wa mwezi. Ndiyo maana chama cha watazamaji kilipokea ripoti hata za watu wa kwenye mapaa. Kazi ilitaka watu wawili: mmoja awe na jicho kwenye darubini, mwingine awe na saa mkononi. Kanuni yetu ilikuwa kwamba aliye kwenye darubini asiseme neno lolote ila moja, “imezimika”, na alitamke mara moja tu, ili mwenye saa asibabaike.

Jioni ile ulikuwa na miaka kumi na tisa, nami ishirini na saba, mwalimu mpya mwenye viatu vipya. Ilikuwa zamu yako ya kutazama. Ulitamka “imezimika”, na kabla sijavuta pumzi ukalitamka tena. Nikakukaripia kwa kuvunja kanuni. Ukasema hukurudia neno, ni nyota iliyorudia: kwanza ilipungua, ikasimama hivyo kidogo, kisha ikaondoka yote, kama mtu anayetoka chumbani akabakiza bega mlangoni. Nikakuuliza kama hukupepesa. Ukanijibu kwamba kipanga hapepesi, akipepesa kuku anapona. Tulicheka mpaka mama akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Nyota ya namna hiyo, mwanao ajue, ni nyota mbili zilizokaribiana mno hata huonekana moja. Mwezi huifunika ya kwanza, halafu ya pili.

Miezi mitatu baadaye lilikuja jarida la chama. Ulilisoma ukiwa umesimama kwenye kaunta ya baba. Wakati uliochapishwa ulikuwa mmoja, jina lililochapishwa lilikuwa langu, na chini yake kulikuwa na mstari mdogo kwamba taarifa ya kuzimika mara mbili ilitokana na msaidizi asiyezoea. Ukalikunja mara nne, ukalirudisha ndani ya bahasha yake. Hukugomba. Ila kuanzia hapo kila mwezi ulipopita mbele ya nyota wewe ulikuwa na kazi: mara unashona, mara unasoma, mara kichwa kinakuuma. Mwishowe ukaenda kusomea ukunga, na paa nikaachiwa mimi na matangi.

Sasa nije kwenye habari mpya. Njia ya mwezi hujirudia baada ya miaka kumi na minane na miezi saba hivi. Mara ya kwanza mwezi ulipoirudia nyota yetu, hapa kulikuwa na mawingu mazito. Mara ya pili ilikuwa mwezi uliopita. Nilijua kwamba ya tatu sitakuwepo, na kwamba macho yangu, ambayo hata ujanani hayakuwa kitu, hayataweza kazi ile. Nikaenda kwa fundi redio wa pale kona, nikanunua rekoda ndogo ya video, ile inayoshikika mkononi kama kipande cha sabuni na yenye kioo chake cha kutazamia. Fundi aliniuliza ni harusi ya nani. Nikamwambia mzee kama mimi anarekodi nyota. Akaniambia sawa, ila nyota zikitaka nakala nisizipeleke kwake, yeye kazi za mbali hafanyi.

Alinitafutia pia kamera ndogo ya kuchomeka kwenye darubini mahali pa jicho, na waya wa kuiunganisha na rekoda. Redio niliiweka kando ikilia ile milio ya saa, ili sauti iingie pamoja na picha na kila picha iwe na wakati wake. Usidhani ilikuwa rahisi. Jaribio la kwanza nilirekodi ndara zangu kwa nusu saa. La pili nilibonyeza kitufe mara mbili, kwa hiyo nilipodhani inarekodi ilikuwa imelala, na nilipodhani nimeizima ikaamka. Ninayo hapa hotuba nzima ya wifi yako kuhusu mtu mzima anayeacha nguo zilowe umande kwa ajili ya mwezi ambao kesho utakuwepo tena. Lakini jioni yenyewe, saa mbili kasoro dakika chache, mambo yalikaa sawa. Nyota ilikuwepo, kisha haikuwepo. Kwa jicho langu ilikatika mara moja tu, na nikalala nikiwa na moyo mwepesi. Wepesi huo ndio ninaouonea haya leo.

Asubuhi nilikaa jikoni na rekoda. Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba kila sekunde kinapiga picha ishirini na tano, nawe unaweza kuzisogeza moja moja, kama mtu anayefunua kurasa. Nikafunua. Nyota kamili. Nyota kamili. Kisha nyota pungufu. Nikafunua tena, bado pungufu. Nilimwita wifi yako, sikumwambia lolote, nikampa tu asogeze. Akauliza mbona imebaki nusu. Nikamwomba ahesabu hizo nusu. Zikawa tisa, halafu giza. Picha tisa ni zaidi kidogo ya theluthi ya sekunde. Mashine haipepesi, Kipanga, na wewe hukupepesa.

Ningeweza kuishia hapo, ukaniona kaka mwema aliyeutafuta ukweli uzeeni. Wifi yako alidhani hivyo, akanipikia chai. Lakini ninalokuambia sasa si jambo nililoligundua mwezi uliopita.

Saa niliyokuwa nimeishika jioni ile ya kwanza, juu ya paa la baba, ilikuwa na mishale miwili ya sekunde. Kitufe kimoja kilisimamisha wa kwanza, cha pili kikasimamisha mwingine. Ulipotamka mara ya kwanza nilibonyeza. Ulipotamka mara ya pili, kidole changu kilibonyeza chenyewe. Niliisoma ile saa kwa tochi huku wewe ukifunika darubini: mishale ilikuwa imeachana alama mbili, na kila alama ni sehemu ya tano ya sekunde. Nikairudisha kwenye sifuri.

Katibu wa chama aliponiandikia kuuliza kama mtazamaji anaaminika, barua niliipokea shuleni na nikaijibu shuleni. Ule mstari mdogo kwenye jarida hawakuutunga wao. Ni maneno yangu, neno kwa neno. Nilikuwa nimetazama miaka sita bila kuona kitu kipya, nawe ulikuwa na mwezi mmoja tu kwenye darubini. Nilikuwa nimekubaliwa chamani majuzi, nikaogopa kuchekwa. Na kilichonishinda zaidi ya woga ni kijicho. Husemwa majuto ni mjukuu. Wangu amekwisha kuota mvi, na miaka yote hii nilijidanganya kwamba wewe ulisahau, mpaka mwanao aliponiletea mzaha wako.

Nimeandikia chama. Bado kipo, na katibu wa sasa ni binti mwenye umri wa kuwa mjukuu wetu. Nimemweleza yote, pamoja na mishale. Hakunikemea, amejibu kwamba katika kumbukumbu zao hakuna aliyewahi kusema nyota ile ni mbili kabla ya jioni yetu ile ya paani, na kwamba ili azisahihishe anahitaji maelezo ya mtazamaji mwenyewe, kwa mkono wake. Fomu ameituma. Nimeiambatanisha bila kuandika kitu, hata tarehe. Nimekwisha kuandika ya kutosha kwa niaba yako.

Kukuomba msamaha naomba, ila usiharakishe kunipa kwa sababu ya uzee wangu. Ninaloomba kabla ya hilo ni hospitali. Nakutumia rekoda yenyewe. Kioo chake ni kidogo na kwa macho yako ya sasa hutaona ila ukungu, wala sitaki mwanao akutazamie na kukusimulia. Miaka thelathini na saba umeishi na maneno ya mtu mwingine kuhusu ulichokiona. Kitufe cha kusogeza picha wifi yako amekitia tone la rangi yake ya kucha. Wakikufungua bandeji, bonyeza mwenyewe, uhesabu mwenyewe. Zikikujia nane badala ya tisa, andika nane.

Wasalimie wote nyumbani, na mwambie mpwa wangu asante kwa barua yake.

Ni mimi kaka yako,
mshika saa