Udongo wa Mama Minza

Mama Neema, pokea salamu za Bariadi, jua linachoma hadi utosini.

Kibarua cha pamba kimekwisha, sasa namchimbia udongo mwanafunzi wa uhandisi wa kilimo. Anasomea shahada ya pili, jinsi ya kufanya mashamba yasichoke. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waingie na kuwapunja watu, hapa kila mgeni anashukiwa.

Jana kijijini Nkololo, Mama Minza mwenye shamba alitung'ang'ania mfuko wa udongo.

“Mnahamisha rutuba yangu! Kama ni uongo, lambeni udongo muape.”

Msomi akalamba huku akicheka.

“Na wewe, baba?”

Nikakataa. Sijui udongo ule unapelekwa wapi. Mama Minza akaumwaga wote, na msomi hasemi nami tena.

Akija mtu na mfuko shambani kwetu, asichimbe mpaka nirudi. Mungu awatunze, nawakumbuka sana.

Baba Neema