Kalisti Kwenye Shuka la Sinema

Mwadui, 3 Novemba 1953

Dada Febronia,

Shikamoo. Mimi mzima, na bendi imenipa tarumbeta jipya.

Jumamosi ililetwa sinema isiyo na sauti, ya wakulima wa pamba, nasi tukapiga muziki huku watu wakitazama. Nikamwona kaka yetu Kalisti amebeba gunia, anacheka. Nikashusha tarumbeta.

"Ansgar, mbona umenyamaza?" akauliza mkubwa wa bendi.

Mwenye sinema alisema aliipiga Kishapu, mwezi wa saba mwaka huu. Lakini mwaka juzi tuliambiwa Kalisti alifukiwa na kifusi mgodini Geita, na maiti haikupatikana. Sielewi, dada. Labda wanafanana tu, ila mguu wa kushoto anauburuza vilevile.

Kesho naenda Kishapu. Mama usimwambie. Padre mwombe asiisome kwanza misa ya marehemu.

Mdogo wako,
Ansgar